Kipima pembe cha dijitali chenye sumaku: kimemaliza vaibresheni ya pikapu yangu, ila usianze nacho

Nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka aondoke mapema. Hiki kidude ni kizuri, kama una pikapu ya fowili (magurudumu yote manne yanaweza kuvuta) uliyoinyanyua, yaani umeongeza urefu wake kutoka chini, au unafikiria kuinyanyua kichukue tu, ila kama unakinunua ukitegemea kikuambie kwanini gari inavaibreti utakasirika bure, maana chenyewe kinasoma pembe basi, na pembe ni sababu moja tu kati ya nyingi zinazofanya gari itetemeke.

Kwa ambaye hajawahi kukiona, ni kiboksi kidogo cha mraba kinaenea kiganjani, chini kina sumaku, mbele kina skrini, unakibandika kwenye chuma kinakusomea kimeinama digrii ngapi mpaka desimali moja. Maseremala wanakitumia kuseti misumeno na watu wa kuchomelea wanakitumia kwenye fremu, mimi nimekitumia nikiwa nimelala chali chini ya chesisi nikipima propela (lile bomba la chuma linalopeleka mzunguko hadi kwenye difu), na huko ndo nimejua uzuri na ubaya wake.

Gari yenyewe ni pikapu ya fowili ya kuingiza kwa leva, habu za mbele za kuzungusha kwa mkono (ndo zinaunganisha au kuachanisha magurudumu ya mbele na ekseli yake), nyuma ekseli nzima imekaa kwenye springi za majani, propela ya nyuma ni kipande kimoja chenye krosi mbili, zile jointi za kila mwisho zinazoiruhusu izunguke ikiwa imepinda. Ilinyanyuliwa, na tangu siku hiyo ukifika kama 80 sakafu inaanza kuunguruma, ukigusa 90 kiti kinatetemeka na kile kioo cha ndani cha kuangalia nyuma picha yake inavurugika kabisa, magari ya nyuma unayaona kama yamefutwa na kitambaa. Ukikanyaga mafuta inazidi, ukiachia inapungua. Gereji moja ikabadilisha krosi zote mbili. Haikuisha. Tairi zikabalansiwa, haikuisha, propela ikafunguliwa ikapelekwa kubalansiwa ikarudi na vibati vipya vimechomelewa, bado iko vilevile, mwisho nikaambiwa "bosi hii ni kawaida ya gari iliyonyanyuliwa, utazoea." Haya.

Sasa kabla hata sijakitoa kidude kwenye boksi kuna kazi inayofanyika barabarani, na hii ni bure, na nasema wazi kwamba mtu akiiruka hii hata awe na vifaa vya aina gani atabaki kubadilisha spea tu kwa kubahatisha. Tafuta spidi ambayo gari inatetemeka vizuri, halafu ishikilie spidi hiyohiyo ukiwa gia tofauti. Ukishusha gia mizunguko ya injini inapanda lakini spidi ya magurudumu imebaki palepale, kwa hiyo mtetemo ukibadilika unaanza kuangalia upande wa injini, maunti (raba zinazoshika injini), klachi na jamaa zao, na usipobadilika jua ni kitu kinachozunguka baada ya giaboksi, yaani propela, difu, ekseli, rimu au tairi. Baada ya hapo barabara ikiwa wazi na salama weka fri gari ijiendee yenyewe kwenye spidi ileile. Mtetemo ukiendelea vilevile bila nguvu ya injini shaka kubwa inaenda kwenye balansi, tairi iliyopinda, rimu, au propela yenyewe iliyobonyea. Ukipotea au ukipungua sana basi ni kitu kinacholalamika kikibebeshwa nguvu, na hapo ndo pembe za krosi, beringi za pinioni (shafti fupi ya difu inayofungwa propela, pua yake) na maunti zinaingia kwenye orodha. Yangu ilipungua sana.

Halafu sikiliza unatetemekea wapi. Stelingi ikicheza mikononi mara nyingi ni mbele, tairi au rimu za mbele, kiti na sakafu vikitetemeka geukia nyuma. Sio sheria ya kuapia lakini inapunguza kutafuta. Na jamani kabla ya yote angalia ndani ya rimu, ukitoka kwenye matope yakakaukia upande mmoja wa rimu gari itatetemeka kiasi cha kukufanya ufikirie difu imekufa, kumbe inataka maji na brashi.

Hesabu nayo inasaidia na sio ngumu. Chukua tairi ya 265/70R16, kipenyo chake ni kama milimita 777, mzunguko wake mmoja unaenda mita 2.44 hivi. Kwa 90 kwa saa gari inakwenda mita 25 kila sekunde, kwa hiyo tairi inazunguka karibu mara 10 kwa sekunde. Kama difu yako ni ya 3.9 propela inazunguka mara 3.9 zaidi ya tairi, yaani kama mara 40 kwa sekunde, ambayo ni mizunguko 2400 hivi kwa dakika. Sasa krosi ikiwa kwenye pembe haizungushi upande wa pili kwa spidi moja, inauharakisha na kuuchelewesha mara mbili kila mzunguko, kwa hiyo mtetemo wa pembe unakuja mara 80 kwa sekunde. Ndo maana tairi mbovu unaisikia inadundadunda taratibu, propela isiyo na balansi inatetemeka haraka, na pembe mbaya inakuwa ni muungurumo kabisa unaousikia sikioni na kwenye nyayo. Ukishazijua hizo sauti tatu umeshafika nusu.

Kuna watu wanatumia programu za simu zinazosoma mtikisiko, nilijaribu, zinafaa kwa tairi, ila angalia inasoma mara ngapi kwa sekunde, ikisoma mara 100 basi chochote cha juu ya 50 haikioni sawasawa na itakuonyesha namba ya uongo kabisa, kwa hiyo huo mtetemo wa 80 wa krosi utaukosa au utauona mahali sio pake. Simu ikikwambia propela haina shida usiiamini haraka.

Jaribio la mwisho kabla ya kupima, na hili ndo lililonihakikishia, ni la kuvua propela. Raha ya fowili ya leva ni kwamba una propela mbili na unaweza kuendesha na moja. Habu za mbele zikiwa zimefunguliwa na leva iko 2H (nyuma tu ndo inavuta) propela ya mbele imelala tu haizunguki, na yangu ilitetemeka hivyohivyo, kwa hiyo ya mbele nikaitoa kwenye kesi. Kisha tukavua ya nyuma, tukafunga habu, leva 4H (nguvu inaenda mbele na nyuma), gari ikawa inavutwa na mbele peke yake, tukapandisha taratibu bila kukanyaga sana mpaka spidi ile ya mtetemo na mtetemo ukawa haupo. Kimya. Lakini angalieni mambo mawili hapa. Propela ya nyuma ikiwa haipo ukirudisha leva 2H hata ukiacha gia ndani au P gari haijashikwa na chochote zaidi ya handibreki, kwa hiyo weka kigingi kwenye tairi kabla hujaingia chini, sitanii. Na kama propela yako ni ile ambayo mdomo wake unachomekwa ndani ya transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) badala ya kufungwa kwa flenji, ile sahani ya bolti, ukiivua oili inamwagika. Halafu gari ambazo fowili yake ni ya muda wote haziendi na propela moja mpaka ufunge loki ya difu ya kati.

Na kitu kingine kabla hujailaumu gari: fowili ya leva ukiiweka 4H kwenye lami kavu ukakata kona, itajikaza na kuruka ruka, hiyo ndo tabia yake, mbele na nyuma zinalazimishwa kwenda sawa wakati kwenye kona hazitaki. Sio ugonjwa. Toa fowili.

Haya sasa kidude. Kwa kuwa propela ilikuwa imeshavuliwa nilipata uso mtupu wa flenji ya transfa na wa flenji ya pinioni, nikausugua na brashi ya waya mpaka ukang'aa, maana chembe ya kutu au tone la rangi chini ya sumaku linakuhamisha nusu digrii bila wewe kujua. Gari lazima iwe imesimama kwa tairi zake yenyewe mahali tambarare, ukiinyanyua kwa jeki ya chesisi ekseli inaning'inia na unapima gari nyingine kabisa. Kukibandika kwenye flenji ya transfa kikasoma 86.8. Ukiona hivyo usishtuke, uso wa flenji umesimama wima kwa hiyo unatoa kwenye 90, inabaki 3.2, ndo pembe ya shafti inayotoka kwenye transfa kushuka kwenda nyuma. Flenji ya pinioni ikasoma 84.1, yaani 5.9, pua imeangalia juu kwenda mbele. Tukairudisha propela, nikabandika kwenye bomba mbali na machomeleo na vile vibati vya balansi, 8.9.

Kwa hiyo krosi ya mbele inafanya kazi kwenye 8.9 kutoa 3.2, ni 5.7. Ya nyuma 8.9 kutoa 5.9, ni 3.0. Tofauti ni 2.7 na hapo ndo kesi ikaisha, kwa sababu propela ya krosi mbili za kawaida inategemea zile pembe mbili ziwe sawa, ya mbele ikiharakisha ya nyuma inachelewesha kwa kiasi kilekile zinafutana, na kinachotakiwa tofauti isizidi digrii 1, ikikaa chini ya nusu ndo vizuri zaidi. Ya kwangu ilikuwa haifutani, ilikuwa inabaki. Na ukikanyaga mafuta springi za majani zinajikunja kidogo pua ya pinioni inapanda zaidi, tofauti inaongezeka, ndo maana ilikuwa inazidi nikikanyaga.

Pinioni ilipandishwa na nani? Tulipochungulia kati ya springi na ekseli tukakuta kabari za chuma, walioinyanyua waliziweka. Nia yao naielewa, waliona krosi ya nyuma imepinda wakataka kuinyoosha pua iangalie propela. Kufanya hivyo ni sawa kabisa ukiwa na propela ambayo upande wa transfa ina krosi mbili zilizoungana pamoja, ile jointi pacha inajifuta yenyewe kwa hiyo pinioni unaielekeza moja kwa moja kwenye propela, tena unaiacha digrii 1 au 2 chini ili ikipanda na mzigo wa injini inyooke. Lakini kwa propela ya krosi mojamoja kila upande pinioni haitakiwi kuangalia propela, inatakiwa iwe sambamba na shafti ya transfa. Ni vitu viwili tofauti na watu wanavichanganya kila siku, fundi anasoma maelekezo ya gari nyingine anafunga kwenye yako.

Kabari zikatolewa, senta bolti zikaangaliwa, yu-bolti zikakazwa upya (na zinatakiwa kukazwa tena baada ya kuendesha kidogo, zinalegea zikishakaa). Pinioni ikasoma 3.5, bomba 9.0, kwa hiyo mbele 5.8 nyuma 5.5, tofauti 0.3. Nikapanda barabarani. Kwenye 90 kioo cha ndani kimetulia unasoma hadi namba za magari ya nyuma. Krosi zilikuwa nzima, balansi ilikuwa nzima, tairi zilikuwa nzima, vitu vyote vilivyobadilishwa havikuwa na kosa lolote.

Sasa sio kwamba 5.8 ni pembe nzuri. Ya starehe ni kati ya digrii 1 na 3, na isiwe 0 maana krosi iliyonyooka kabisa vile vijisindano vya ndani havizunguki, vinakaa palepale vinajichimbia mistari. Majedwali ya propela yanaruhusu kama 7 kwa mizunguko 2500 kwa dakika, kama 5.8 kwa 3000, na ukifika 5000 ni 3.2 tu hivi. Kwa difu na tairi za mfano wangu hapo juu, spidi ya 110 ni karibu mizunguko 2900, kwa hiyo mimi niko ukingoni, krosi zitaisha mapema kuliko za gari isiyonyanyuliwa na ninazipiga grisi mara kwa mara nikilijua hilo. Kunyanyua gari kuna bili yake, hakuna kidude cha kuifuta.

Malalamiko sasa. La kwanza na kubwa, skrini inaangalia upande mmoja tu, na chini ya gari upande huo kwa kawaida ndo unaoangalia tanki la mafuta. Kuna kitufe cha kushikilia namba isibadilike, ukibonyeza kwa kupapasa mara nyingine kidude kinasogea na namba inasogea nacho. Mi nikaishia kuipiga picha skrini na simu. La pili, hakikuambii kimeinamia wapi. 3.2 ya kushuka nyuma na 3.2 ya kushuka mbele kinaziandika sawa, cha kwangu hata mshale hakina, na ukikosea upande unajumlisha panapotakiwa kutoa, unapata jibu la ajabu na unaweza kwenda kuongeza kabari badala ya kutoa. Chukua chaki uchore mshale kwenye chuma kila ukipima. Hii ndo kasoro inayoweza kumponza mtu kweli.

La tatu sumaku. Kwenye chuma inashika kama kupe, lakini kava za transfa nyingi ni aluminiamu, propela nyingine pia ni aluminiamu, hapo hakishiki kabisa, inabidi ukishikilie kwa mkono na mkono ukitetemeka desimali inacheza. La nne usahihi wake umeandikwa kukosea 0.2 juu au chini, inasikika ndogo ila ukitoa namba mbili kosa linaweza kufika 0.4 wakati unatafuta tofauti ya chini ya 1, kwa hiyo pima, kigeuze upande wa pili, pima tena, chukua katikati. Betri nazo kinazinyonya hata kikiwa kimezimwa, nazitoa nikimaliza kazi.

Na visivyoonwa na hiki kidude ni vingi, naandika hivi kwa sababu nimeona watu wanakisifia kama daktari. Hakitaona propela iliyobonyea na jiwe. Hakitaona krosi kavu, hiyo unaiona kwa macho, vumbi jekundu la kutu pembeni ya kikombe chake, au unashika propela unaizungusha kwa mkono unasikia kuna uchezo, na ukiingiza gia inagonga "tak". Hakitaona beringi ya pinioni iliyolegea. Na hakitaona kosa moja baya ambalo ni la kawaida sana, propela ikifunguliwa kwenye meno yake kupigwa grisi halafu ikarudishwa imeruka meno, masikio ya krosi ya mbele na ya nyuma yanakuwa hayapo kwenye mstari mmoja, pembe zitasoma safi kabisa na gari itatetemeka hadi uchoke. Kabla ya kufungua chochote piga alama ya rangi kwenye flenji na kwenye meno, pande zote mbili. Fundi anayefungua propela bila alama mwambie asubiri kwanza.

Wenye pikapu ndefu zenye propela ya vipande viwili na senta beringi, kidude kinafaa lakini pembe ni tatu za kukokotoa, na kama tatizo lenu ni gari inatetemeka inapoondoka tu kutoka kusimama, hasa ikiwa na mzigo, halafu ikishika spidi inatulia, angalieni kwanza raba ya hiyo senta beringi kama imechanika au imelala. Ikishalala pembe utakazopima ni za raba iliyokufa. Baada ya kunyanyua gari za namna hii kuna wanaoishusha senta beringi kwa vipande vya kuweka kati yake na chesisi, hapo kidude kinakuwa na faida kweli maana unajaribu unene tofauti huku ukisoma namba badala ya kwenda kuendesha kila mara.

Kwa nyota ningempa nne. Ya tano ningeitoa kwa mwenye skrini inayosomeka kutoka juu na mshale wa kuonyesha upande, kama vipo viwili dukani chukua huyo. Na pimeni mara mbili, gari ikiwa tupu na ikiwa na mzigo mnaobeba kila siku, mzigo unashusha nyuma na namba zote zinahama. Zangu zilihama zote tatu ila tofauti ikabaki chini ya digrii 1, kwa hiyo nimeziacha hivyo.